MASHINE YA KUCHORA CHUMA: SOMA HII KABLA HUJATOA HELA

Wadau wa Mwandoya na Meatu yote, kuna washkaji hapa kijijini wanachanga hela za pamba ili wanunue mashine ya kuchora namba na majina kwenye chuma. Kazi zipo: vibao vya mota kwenye viwanda vya kuchambua pamba, pampu za maji, majembe ya ng'ombe. Ila hela ya kikundi ikipotelea kwenye mashine isiyofaa, ni ugomvi mpaka kwa wazee. Kwa hiyo naweka mambo ya msingi.

AINA ZENYEWE

1. Paunchi za herufi na nyundo. Hazitaki umeme, bei ndogo. Kama kazi ni chache, anza nazo.

2. Mashine ya kugonga nukta. Sindano ngumu inagonga chuma haraka haraka, nukta zinaunda namba. Alama inaingia ndani, hata ukipaka rangi nyepesi bado inasomeka. Nyingine zinataka kompresa ya hewa, nyingine ni umeme tu.

3. Leza ya faiba. Inachora kwa mwanga wa nanomita 1064. Ni ya haraka na safi, stenlesi inatoka bomba. Wati 20 zinatosha alama za juu juu. Kama unataka kuchimba ndani, fikiria wati 50 kupanda.

HAPA NDIPO WATU WANALIWA: kuna leza ya CO2, ya nanomita 10,600. Hiyo ni ya mbao, ngozi na akriliki. Chuma kitupu kinaurudisha mwanga wake, unabaki unatazamana na mashine. Muulize muuzaji ni leza ya aina gani, halafu mpe kipande cha chuma CHAKO achore mbele yako. Akikataa, ondoka.

UTUNZAJI

- Umeme wetu ni volti 230, lakini unapanda na kushuka. Weka stabilaiza na waya wa ethi.
- Vumbi la huku mnalijua. Funika mashine ukimaliza, safisha feni. Lenzi ifute kwa spiriti safi na kitambaa chake maalumu, sio kwa shati.
- Kompresa itoe maji kila siku. Sindano ikiwa butu, noa au badilisha.
- Ukiambiwa leza inadumu saa 100,000, hicho ni chanzo cha mwanga tu. Kwa saa 8 kwa siku ni zaidi ya miaka 34! Feni na pawa saplai hazifiki huko.

USALAMA NA SHERIA

Mwanga wa faiba hauonekani, unaunguza jicho kabla hujapepesa. Vaa miwani iliyotengenezwa kwa nanomita 1064, miwani ya jua haisaidii kitu. Usichome plastiki ya PVC, gesi yake inaumiza mapafu na kuozesha mashine.

Mtu akikuletea pikipiki ubadilishe namba ya chesisi, KATAA, hiyo ni jela. Na muhuri wa mizani ya pamba ni kazi ya Wakala wa Vipimo, sio yako.

Mimi kwa kazi za huku, majembe na mota, ningechukua ya kugonga nukta ya umeme kwanza. Leza ije kazi zikiongezeka. Mwenye mawazo tofauti amwage hapo chini.

Naomba kuwasilisha.