Wazazi kwa Wazazi: Tangu Mpondwe Hadi Hima

Kamati imetuomba tuandike katika toleo hili la kumbukumbu historia ya sisi tunaojitolea kuwatembelea wazazi wenye watoto wadogo. Tunaanzia mpakani, maana kazi ilianzia huko.

Mpaka wa wakoloni wa mwaka 1910 uliwagawa ndugu: Wanande upande wa Kongo, Wakonzo upande wa Uganda, na lugha yao ni karibu moja. Kwa hiyo mama aliyevuka Mpondwe na kitoto mgongoni hakukosa wa kumwelewa kule Bwera. Wenyeji nao walikuwa wameonja. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na miaka iliyofuata watu wengi wa milimani, Kasese na Bundibugyo, walilala kambini. Baadhi ya wanawake walionyonyesha chini ya maturubai wakati ule ndio waliotupokea sisi.

Kwa desturi yetu aliyejifungua hakai peke yake. Mama yake au mama mkwe humpikia, humkanda, humpokea mtoto ili apate usingizi. Lakini mama mkwe amebaki Beni, na dada hajulikani alipo. Tulipofika huku Hima tukaanza kumwendea yeyote tuliyesikia analia usiku. Nia ilikuwa njema, mpango haukuwepo. Mmoja wetu alijikuta na nyumba thelathini, mwingine hana hata moja, na baada ya miezi michache wengi waliacha. Hatukuwalaumu, kwani shukrani hazilimi shamba la mtu.

Kilichotusaidia ni utaratibu uliotoka Msumbiji. Mwaka 1995, katika mkoa wa Gaza, shirika la World Relief lilianzisha vikundi vya akina mama wa kujitolea, 10 hadi 15 kwa kikundi, na kila mama alitembelea nyumba kama 10 za majirani zake. Siri yake ni udogo huo. Nyumba kumi mtu huzifikia na bado akapalilia mihogo yake.

Sisi tuliosomea ualimu ilitubidi kusahau mengi. Chuoni tulifundishwa kuandaa somo, mama aliyekesha siku tatu hataki somo, anataka mtu aketi naye na kumwambia, "Hata mimi wa kwangu alinifanyia hivyo."

Jaribio kubwa lilikuja 2019. Tarehe 11 Juni ilitangazwa kwamba mtoto wa miaka 5, aliyevuka kutoka Kongo pamoja na jamaa zake, ana Ebola, alifia Bwera. Mdogo wake wa miaka 3 na bibi yao wakafuata. Kushikana mikono kulikoma, na mwenye mtoto wa homa alimficha kwa hofu. Kazi yetu yote ilikuwa ya kukaribiana! Tulisimama hatua kadhaa nje ya mlango, tukaongea kwa sauti, tukawasihi wampeleke mtoto kwa waganga. Wengine walitufukuza. Wengine walitoka.

Siku hizi akina baba nao huja, hasa jioni, kuuliza mbona mke hali wala hasemi. Kwa hao tumepata wanaume wanne, hawatoshi. Bloki mbili bado hazina mtu wa kujitolea. Aliye tayari, awe amesoma au hakusoma, amwone katibu wa Kamati siku ya mgao.