Kwa Nini Mzamiaji wa Likizo Hafiki Nyegezi

Mgeni anayetaka kuzamia kwa mtungi wa hewa nchini Tanzania huelekezwa Mnemba, Pemba au Mafia. Nyegezi, mjini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, haitajwi, ingawa nyumba za wageni za ufukweni zipo na ghuba yake ni tulivu kuliko bahari ya msimu wa kusi. Sababu zinazotolewa haraka ni kichocho na mamba. Ni za kweli, ila hazitoshi: Cape Maclear, katika Ziwa Malawi, imesumbuliwa na kichocho miaka mingi na bado watu huenda kujifunza kuzamia huko, kwa kuwa miambani kuna samaki wa rangi za kila namna. Wengine hutaja hofu iliyoachwa na meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wazamiaji wakaletwa hadi kutoka Afrika Kusini kutoa miili. Lakini Zanzibar nayo ilipata msiba wa MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, na wageni wa Nungwi hawakuacha kuzamia. Anayelipia kushuka majini analipia kuona. Ghuba ya Mwanza ilikuwa na cha kuonwa, na kilipotea katika umri wa mtu mmoja, kwa mikono ya watu.

Ushahidi ulikusanywa papo hapo. Tangu 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walichunguza samaki waitwao furu wa ghuba hii, wakakuta aina nyingi ambazo hazikuwa hata na majina. Mmoja, mwenye mgongo mwekundu, mwaka 1985 alipewa jina la Mwalimu Nyerere. Wakati huo sangara, samaki mla furu aliyepandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950, alikwisha kutapakaa ghubani, na furu wa maji ya wazi walikuwa wakiteketea. Wa miambani walijificha kwenye mianya ya mawe, wakanusurika zaidi, ila wao walikutwa na balaa jingine: udongo wa mashamba na maji taka ya miji viliurutubisha mwani, maji ya ziwa yakawa na ukungu. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha matokeo yake. Furu jike humchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka, rangi hazitofautishiki, na mipaka kati ya aina za furu hubomoka. Kisiwani Makobe, ambako maji ni maangavu, dume mwekundu na dume wa buluu wanaishi mwamba mmoja bila kuchanganyika. Luanso, ndani kabisa kusini mwa ghuba, wamekuwa kundi moja lililofifia. Nyegezi iko kati ya hapo. Asichokiona furu jike, mzamiaji naye hakioni.

Pingamizi zito kwa lawama hii ni la tumbo. Sangara alijenga viwanda vya minofu, akaleta fedha za kigeni na kuwapa maelfu kazi; utalii wa mitungi usingefikia hata robo ya hayo. Nakubali, na sidhani kama kuna mvuvi wa Nyegezi angebadilishana. Lakini pingamizi hilo linamtetea sangara peke yake. Haliyatetei maji taka wala tope la mitoni, ambavyo havijamnufaisha mvuvi hata senti. Mwani unapooza hula hewa ya majini, na sangara mwenyewe anaihitaji hewa hiyo kuliko samaki wengi. Kwa hiyo mvuvi na mzamiaji, ambao husemwa kana kwamba mmoja lazima ashindwe, wanadai kitu kilekile kutoka kwa mji. Kwa sasa, atakayethubutu kufungua biashara ya kuzamia apeleke mitungi yake Makobe, na akumbuke kwamba ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo hesabu za kupanda kutoka kilindini si zile za Mafia. Akibaki Nyegezi, atamtoza mteja fedha kumwonyesha mkono wake mwenyewe.