Malale na damu yetu

Juma hili tuzungumze juu ya mbung'o. Wenzetu wa Mugumu na Ikoma hawahitaji kuelezwa habari zake. Mbung'o wa Serengeti hubeba vimelea vya aina mbili vinavyofanana kama mapacha. Vya kwanza huwaingia ng'ombe na wanyama pori, mtu havimdhuru. Vya pili humpa mtu malale, na asipotibiwa hufa. Hata ukivitazama kwa hadubini huwezi kuvitenganisha.

Sasa damu ya kongoni ikiwa na vimelea, utajuaje ni vipi? Jibu la zamani linanisumbua. Walivijaribu kwa watu. Kule Tinde, Shinyanga, kuanzia mwaka 1934, wataalamu wa serikali ya Kiingereza walichukua vimelea vya mgonjwa, wakavipitisha kwa mbung'o kutoka mnyama hadi mnyama. Kila baada ya muda mbung'o hao waliachiwa wawaume watu walioitwa wa kujitolea, ionekane kama wataugua. Miaka 18 ilipita na kazi ikaendelea. Waliougua walitibiwa, ni kweli. Lakini mtu wa kijijini aliweza kumkatalia Bwana Daktari wa mkoloni? Mimi nina mashaka.

Mwaka 1970 Rickman na Robson walileta njia nyingine: changanya vimelea na damu ya binadamu, kisha mdunge panya. Panya asipougua, vimelea hivyo si vya malale, maana damu yetu imeviua.

Imeviua kwa nini? Jibu lilipatikana mwaka 2003 huko Brussels, Ubelgiji: ni protini iitwayo APOL1. Watafiti walichukua jeni ya binadamu yenye maelekezo ya kuitengeneza, wakaipandikiza ndani ya bakteria, kama inavyofanywa kwa insulini ya wagonjwa wa kisukari. Bakteria wakageuka kiwanda, wakatoa protini ya mtu bila mtu kuumwa na mbung'o. Ilipowekwa pamoja na vimelea vya wanyama, vilivimba vikapasuka. Vya malale vina protini yao, SRA, inayoikamata ile yetu na kuizuia.

Faida yake kwa Mara? Leo tone la damu ya ng'ombe hupimwa kama lina jeni ya SRA. Kipimo hicho kimekwisha kutumika Serengeti, ambako mwaka 2001 watalii kadhaa walirudi kwao Ulaya na malale. Hakuna anayeombwa kunyoosha mkono ili aumwe.

Habari nyingine ilitoka mwaka 2010. Wapo Waafrika, hasa wa magharibi, wenye APOL1 tofauti kidogo ambayo SRA haiiwezi. Kwenye maabara imeua hata vimelea vya malale ya kwetu. Ila mtu akiirithi kwa baba na kwa mama pia, yumo katika hatari kubwa zaidi ya figo zake kushindwa kazi.