Hesabu ya Watu na Namba 641

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walinena hivyo kuhusu mali, lakini taifa nalo huhitaji daftari. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ndio uliochukuliwa kuwa usiku wa sensa nchini, na tarehe 31 Oktoba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza idadi yetu: watu 61,741,120. Sensa ya kwanza baada ya Muungano, ile ya 1967, ilipata watu 12,313,469. Kwa miaka 55 tumekuwa mara tano ya tulivyokuwa.

Mwalimu mkuu, hata akistaafu, akiona namba nzima kubwa hutamani kujua vigawo vyake. Hapa Mikocheni niliigawanya hiyo kwa penseli, kama tulivyofunzwa chuo cha ualimu. Jumla ya tarakimu zake ni 22, basi haigawanyiki kwa 3. Ni shufwa, nayo hugawanyika kwa 2 mara sita ndipo tufike kwenye witiri, 964,705. Hiyo nayo ni 5 mara 7 mara 43 mara 641.

Namba 641 ni tasa, na ina heshima yake katika historia. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kuwa 2 kwa kipeo cha 32, ukijumlisha 1, yaani 4,294,967,297, ni namba tasa. Fermat alikuwa bingwa wa namba. Hata hivyo, mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kuwa namba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Euler hakubishana na jina la mtu, aligawanya.

Je, 641 kukutwa ndani ya idadi ya Watanzania kuna siri gani? Hakuna. Angehesabiwa mtoto mmoja zaidi, tungekuwa 61,741,121: namba witiri, isiyogawanyika kwa 641. Mtu mmoja anatosha kuvunja mpangilio wote. Vigawo hutueleza habari za namba, havitupi habari za watu.

Kuna mgawanyo mwingine ulio mzito zaidi, ndugu msomaji. Sensa hufanywa ili idadi ya watu igawanywe kwa shule, walimu, zahanati na visima. Darasani, hesabu isipogawanyika sawasawa, baki huandikwa pembeni na mwanafunzi akapata alama zake. Katika nchi, baki ni mtoto aliyekaa sakafuni kwa kukosa dawati, naye hana pembeni pa kuandikwa.

Kwa hiyo tukiambiwa na mkubwa yeyote kwamba madarasa yanatosha, tusimbishie wala tusimpigie makofi kwanza. Tuchukue idadi ya watoto, tuigawanye kwa idadi ya madarasa, kisha tulitazame jibu.