Mbio Hutafuta Barabara Tupu

Anayenyonga baiskeli kutoka Dar es Salaam hufika Mikese akiwa na zaidi ya kilomita 160 miguuni. Mkono wa kushoto milima ya Uluguru imeshajitokeza, na hadi Morogoro mjini zimebaki kilomita kama 30 za kupanda na kushuka. Mshindani yeyote akiitazama sehemu hii atakwambia hapa ndipo wachovu wangeachwa na wenye mapafu wangeanza kutafutana. Lakini Mikese haina jina katika mbio za baiskeli. Inajulikana kwa reli, kwa mkaa na kwa malori.

Malori yana historia yake. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikajikuta imekatiwa njia ya kupitishia mafuta. Mapipa yakaanza kupakiwa Dar es Salaam kwenda Ndola kwa barabara iliyokuwa vumbi na matope kwa sehemu kubwa, na madereva wa Kizungu wakaibatiza jina la njia ya jehanamu. Lami ya kuunganisha nchi hizi mbili ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo mzigo wa Zambia, kisha wa Kongo, unapita mbele ya vibanda vya Mikese usiku na mchana. Mwenye baiskeli alisukumwa ukingoni mwa lami, na ukingoni hakuna mashindano.

Nimeanza na malori kwa sababu historia ya mbio za baiskeli, ukiifuatilia, ni historia ya nani alipewa barabara. Novemba 1869 mbio za kwanza za mji hadi mji zilitoka Paris kwenda Rouen, zaidi ya kilomita 120, na Mwingereza James Moore akashinda. Gari la petroli lilikuwa bado halijaundwa. Adui wa mwendesha baiskeli alikuwa tope na farasi. Mpira wa upepo wa Dunlop ulikuja mwaka 1888, na mwaka 1903 gazeti la L'Auto likaanzisha Tour de France ili liuze nakala nyingi kuliko mshindani wake. Mbio mashuhuri kuliko zote duniani zilizaliwa kwenye vita vya magazeti, jambo ambalo sisi waandishi hatuchoki kulikumbusha.

Afrika Mashariki baiskeli haikuja kwa ajili ya mbio. Ilikuja na tarishi, katekista, mwalimu na bwana shamba. Eritrea ndiyo iliyotangulia kushindana, kwa kuwa Waitaliano walihamia Asmara na mapenzi yao ya mchezo huo, ila Mweritrea hakuruhusiwa kushindana nao. Mwaka 1939 watawala waliandaa mbio za kuwapambanisha Waitaliano na wenyeji, waonyeshe nani bora. Akashinda Ghebremariam Ghebru, mwenyeji. Biniam Girmay, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kurudi na jezi ya kijani, anatoka kwenye shina hilo.

Kwetu mambo yalikwenda kwa mzigo. Usukumani pesa ya pamba iligeuka baiskeli, na tambarare za Shinyanga na Mwanza zikalea watu waliokwenda nayo mnadani, kisimani na harusini. Ilikuwa Raleigh, kisha Phoenix ya Mchina, na Swala iliyotengenezwa hapahapa na kiwanda cha NABICO. Kampuni ya simu ya Vodacom ilipoanza kudhamini mashindano ya Mwanza katika miaka ya 2000, yakiwa na mbio za wanaume, za wanawake na za watu wenye ulemavu, haikulazimika kumfundisha mtu kuendesha. Miguu ilikuwepo na nafasi ilikuwepo. Arusha nayo ikajijengea jina kwa mchanganyiko wa vijana wa mjini, wageni wanaopenda milima, na njia za vumbi zinazoelekea Natron.

Morogoro ina vijana wenye miguu kama hiyo. Tazama wanaoleta mkaa mjini kutoka upande wa Mikese, magunia ya rumbesa yamefungwa kwa mpira kwenye keria, mtu mwenyewe haonekani kwa nyuma. Wengi wana breki moja, na ikishindwa mteremkoni, kandambili inakandamizwa kwenye tairi mpaka inuke moshi.

Baiskeli ya mlimani ilizaliwa kwa moshi wa aina hiyohiyo. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin County, California, waliokota baiskeli nzito za miaka ya 1930 na 1940, za breki ya kurudisha pedali nyuma, wakazipandisha mlima kwa gari na kushindana kuteremka. Oktoba 1976 walianza kupimana kwa saa. Njia ilikuwa ya vumbi, kama kilomita tatu na ushee, ikishuka zaidi ya mita 390. Wakifika chini grisi ya kwenye habu imeungua yote, wakalazimika kuifungua na kupaka upya. Ndiyo maana mbio zikaitwa Repack. Hapakuwa na zawadi ya maana wala shirikisho. Walikuwa wenyewe kwa wenyewe, na saa, na njia isiyo na msongamano wa magari. Miaka 20 baadaye mchezo wao ulikuwa Olimpiki ya Atlanta, michezo ileile ya 1996 ambamo waendesha baiskeli wa kulipwa waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wasiolipwa.

Mmoja wa mafundi waliozijenga baiskeli hizo za mwanzo, Tom Ritchey, alifika Rwanda mwaka 2005 na kukuta wakulima wakiteremsha viazi na kahawa kwa baiskeli za mbao, ndugu wa chukudu anazozifahamu kila mtu wa Goma. Mwaka uliofuata yakaandaliwa mashindano ya wazi huko, baiskeli za mbao zikiwa na mbio zao. Rwanda tayari ilikuwa na ziara yake ya taifa tangu 1988. Ikaundwa timu chini ya Jock Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, na kijana wake Adrien Niyonshuti akaishindania Rwanda katika mbio za mlimani Olimpiki ya London 2012. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kuandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli barabarani. Tadej Pogačar alishinda kwa wanaume. Mimi kilichonishangaza ni kwamba jiji lilifunga barabara zake, na shule pia, wiki nzima.

Kenya haikufungiwa barabara, ikatafuta njia za nyuma. David Kinjah aliwafundisha vijana kwenye vilima vya Kikuyu, akiwemo mtoto wa Kizungu mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne. Sule Kangangi akafuata njia ya changarawe, akisaidia kuanzisha mbio za Migration Gravel Race Maasai Mara mwaka 2021, ili Wazungu waje kushindania hapa badala ya sisi kuhangaika na viza. Alifariki kwa ajali mbioni Marekani Agosti 2022.

Mikese ina changarawe yake. Baada ya Waingereza kuingia Morogoro Agosti 1916, stesheni hii iligeuka bohari la vita. Desemba mwaka huo askari wa Nigeria walishushwa hapa kwenye treni, wakaenda kwa miguu kusini kupitia ubavu wa mashariki wa Uluguru, wakavuka Ruvu kuelekea Duthumi na Rufiji. Mizigo yao iliwafuata kwa magari, na magari yalipokwama, kwa vichwa vya wapagazi waliokufa wengi kuliko askari. Upande huohuo leo inapita njia ya Mkuyuni, Matombo, Mvuha hadi Kisaki, yenye vilima, madaraja na vumbi jekundu, na malori ya Kongo hayafiki huko.

Barabara kuu bado haina nafasi: treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwaka 2024 imepunguza watu kwenye mabasi, si makontena barabarani. Msafara wa Twende Butiama, wa kumuenzi Mwalimu Nyerere, umewahi kupita Morogoro, lakini ule ni msafara, hakuna anayemkimbiza mwenzake. Mashindano ya kweli hapa yangeelekea kusini, yakianzia stesheni. Yapangwe kati ya Juni na Septemba. Masika ya 1917 yaliinyima brigedi nzima ya askari hao wa Nigeria chakula kwenye njia hiyo.