Watoto mahututi: Dripu iokoayo Dubai yaweza kudhuru kwingine

Hospitali ya watoto ya Al Jalila, iliyofunguliwa Dubai mwaka 2016 ikiwa na vitanda 200, ni ya kwanza katika Umoja wa Falme za Kiarabu kujengwa mahususi kwa ajili ya watoto.

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki, walioko nyumbani na walioko Ghuba, huamini kwamba usalama wa mtoto mahututi hutegemea mitambo ya hospitali za namna hiyo.

Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania umeonyesha kwamba suala hilo ni pana zaidi.

Utafiti wa FEAST

Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kumpa mtoto mwenye maambukizi makali na mzunguko hafifu wa damu maji mengi kwa haraka kupitia mshipa.

Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland kutoka Kilifi, uliupima utaratibu huo kwa watoto zaidi ya 3,000.

Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2011, yaliwashangaza wataalamu. Miongoni mwa waliopewa maji kwa haraka, takriban asilimia 10.5 walifariki katika saa 48. Miongoni mwa wasiopewa, waliofariki walikuwa asilimia 7.3.

Watoto wanaoharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Hivyo utafiti huo haumzuii mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha kutibiwa kwa maji.

Mwongozo wa 2020

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 kuhusu watoto wenye maambukizi hayo ulizingatia tofauti ya mazingira.

Penye chumba cha wagonjwa mahututi, maji ya haraka yanaruhusiwa kwa kipimo, na yasimamishwe dalili za kuzidi zikionekana. Pasipo na chumba hicho, ikiwa shinikizo la damu halijashuka, yasitolewe kwa haraka.

Uangalizi

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichapisha mafunzo ya kuwatambua watoto walio hatarini mara wafikapo hospitali, wahudumiwe kabla ya wengine waliotangulia kwenye foleni.

Hatua hiyo haihitaji mtambo wa gharama. Huhitaji muuguzi aliyefunzwa, oksijeni iliyo karibu, na mtu wa kumpima mtoto tena na tena baada ya kila tiba.

Pakikosekana uangalizi huo, hata dawa iliyozoeleka huweza kugeuka hatari.