Chaza wa Mbita si Chaza Wetu: Namna ya Kuyatambua Magamba ya Ziwa

Mpwa wangu anafanya kazi Migori. Siku moja alinipigia simu: "Mjomba, huku Mbita chaza wamejaa mawe mazima. Kuna mtu anataka tuchange mtaji, anasema mna lulu." Nikamwambia asitoe hata shilingi mpaka nifike.

Nilianzia Sori na Muhuru Bay, upande wa Migori, kisha nikapanda hadi Homa Bay na Mbita. Sisi wa pwani tukiona gamba tunaliita kwa jina tulilolizoea, kombe au chaza. Lakini Ziwa Victoria ni maji matamu, mita 1,134 hivi juu ya bahari, na wanyama wake ni wengine.

Ukiokota gamba, tazama kwanza kama ni la pande mbili zilizoungana kwa bawaba. Lililojizungusha ni la konokono. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu kichocho hupitia kwa konokono fulani wa maji, wala si kwa hawa wa pande mbili. Hata hivyo wote wanakaa maji yale yale, kwa hiyo usiingie ziwani kuwatafuta. Okota makavu yaliyotupwa ufukweni, yanatosha.

Kisha geuza uone ndani. Kama hamna mng'aro wa lulu, na gamba ni dogo, la pembe tatu, lenye mistari iliyoinuka nje, hiyo ni Corbicula. Mtu wa pwani ataapa ni mtoto wa kombe. Yako pia madogo zaidi, mepesi, kama punje ya dengu; hayo ni ya jamaa ya Sphaerium.

Likiwa na mng'aro, pitisha kidole kwenye bawaba. Ukikuta meno, na umbo ni la yai, ni Coelatura. Bawaba ikiwa laini, na gamba ni refu na jembamba, ni Mutela. Hili huvunjika upesi, mimi niliharibu matatu kabla ya kujifunza kuyafunga kwa pamba. Rangi ya nje isikudanganye: ngozi ya kahawia au kijani hubanduka juani, na gamba lile lile huonekana jeupe.

Sasa huyo "chaza". Jina lake ni Etheria elliptica. Hujigandisha kwenye mwamba, umbo lake halina mpango, na ndani kuna mng'aro wenye malengelenge. Yumo pia katika mito ya Nile na Kongo. Kwa macho ni chaza kabisa. Lakini safisha ndani, utafute alama zilizoachwa na misuli inayofunga gamba. Chaza wa bahari aliyekomaa, hata yule wa lulu, ana alama moja kubwa. Etheria ana mbili, moja kila upande. Yeye ni wa ukoo wa kome wa mitoni, akaiga tu maisha ya mwambani.

Jambo jingine. Ukikuta rundo la magamba mbali na maji, pamoja na mifupa ya samaki na vigae vya vyungu, usilichimbe kwa chakula cha kuku. Mwaka 1983 Peter Robertshaw na wenzake waliandika katika jarida la Azania juu ya majalala kama hayo kando ya ziwa hili, yaliyoachwa na watu wa kale. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inayalinda. Wape habari Makumbusho ya Taifa.

Pale Mbita tuliketi chini ya mti, mpwa wangu akasugua gamba kwa mswaki wa zamani. Alama mbili. Akasugua jingine. Mbili. Pesa zake akabaki nazo, nami nikarudi Mombasa na mfuko wa magamba, kila moja na karatasi yake: mahali, tarehe, na kama liliokotwa mchangani, matopeni au kwenye jiwe.